Barua ya wazi: mrututu unaomwagwa katika bwawa letu, na mabua ya mpunga tunayoomba yajaribiwe

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maji, afya, mazingira na uvuvi katika kaunti yetu,

KUH: KUSITISHWA KWA MRUTUTU KATIKA BWAWA LA KIJIJI NA OMBI LA MAJARIBIO YA MABUA YA MPUNGA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Naandika kama katibu wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha uwanda wa Kano, pale mashamba ya mpunga yanapokaribiana na matete ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Hatukuanzia hadharani. Tulileta barua kwa mkono kuhusu mrututu, chumvi ya shaba inayotiwa katika bwawa letu ili kuua mwani, zikapigwa muhuri wa kupokelewa. Tukapitia kwa chifu, kisha kwa mwakilishi wa wadi. Mwenyekiti wetu alisimama barazani akauliza swali lile lile mbele ya afisa wenu, akajibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Hadi leo hatujapata jibu la maandishi, hata la kutukatalia. Ndiyo maana barua hii tumeiweka mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Bwawa letu lilichimbwa ili liwafae watu na mifugo wakati wa kiangazi. Ukubwa wake ni takriban hekta moja. Kila mwaka mvua ikikatika na upepo ukitulia, maji hugeuka kijani. Mwanzoni huwa ni vipunje vidogo vinavyoelea, ungedhani ni vumbi la majani. Baada ya siku chache vipunje huungana vikawa utando mzito upande unakosukumwa na upepo, hadi mama anayeteka maji inambidi ausukume kando kwa kitako cha mtungi kabla ya kuutumbukiza. Ukikauka ukingoni huacha ganda la kijani-buluu juu ya matope, na harufu yake huingia mpaka vyumbani. Chota maji hayo kwenye chupa ya kioo, uiache imesimama usiku kucha: asubuhi utaukuta ukijani wote umepanda juu, kwa kuwa viumbe hivi vina vijifuko vya hewa vya kuwaelesha.

Kwa macho ni mwani, na mwani ndivyo tunavyouita sote, lakini kwa kweli ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ni jamii zile zile zilizojaa katika ghuba yetu, Microcystis na Dolichospermum. Baadhi yao hutengeneza sumu inayoitwa maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Mwaka 2004 walifurika katika maji ya Kisumu hadi usambazaji wa maji mjini ukavurugika. Kwa hiyo hatuwaletei jambo geni.

Jibu lililotufikia kutoka upande wenu lilikuja kwa pikapu, magunia ya mrututu yakiwa nyuma. Vijana wawili wakafunga magunia kwenye mtumbwi na kuyaburuta majini kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyepima maji kabla ya kazi hiyo, wala aliyeweka kibao cha kuwakataza watu kuteka. Siku iliyofuata ukijani ulikuwa umepungua na maji yamekuwa na rangi ya kahawia. Samaki wadogo walielea matumbo juu. Watu waliona maji yamesafika, wakateka kama kawaida. Katika siku zilizofuata watoto kadhaa walitapika na kuharisha. Simshtaki mtu kwa ugonjwa wa watoto hao, kwa sababu sampuli haikuchukuliwa na hakuna kilichothibitishwa. Ninachoshtakia ni hilo la sampuli kutochukuliwa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mrututu huua mwani na kuiachilia sumu yake majini

Waheshimiwa, hili ndilo kubwa, na ndilo tulilolieleza katika kila barua. Maikrosistini kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya chembe ya bakteria akiwa hai. Mrututu ukimpasua, sumu yote humwagika majini kwa pamoja. Utando unatoweka, macho yanaridhika, na sumu iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu unachoweza kukisukuma kwa kitako cha mtungi sasa imeyeyuka ndani ya maji yanayoonekana safi. Ndiyo saa ambayo watu hawapaswi kabisa kuyagusa, na ndiyo saa wanayoambiwa kwamba kazi imekamilika.

Hili lilishatokea mahali pengine. Mwaka 1979 katika kisiwa cha Palm Island, Australia, wenyeji walilalamika kwamba maji ya bwawa lao, Solomon Dam, yana harufu na ladha mbaya kwa sababu ya mwani. Wahusika wakatia mrututu. Siku chache baadaye watu 148 waliugua ini, matumbo na figo, na 138 kati yao walikuwa watoto. Wengi walikuwa familia za wenyeji asilia, watu ambao malalamiko yao hayakuwa na uzito mkubwa kwa waliokuwa madarakani. Ugonjwa huo uliitwa wa ajabu kwa muda mrefu, mpaka watafiti walipoufuata nyuma hadi kwenye bwawa na kwenye bakteria waliopasuliwa humo. Aina ile ya bakteria ilikuwa tofauti na ya kwetu, na sumu yake tofauti, lakini kilichofanyika ni kile kile: mwani mwingi, mrututu mwingi, na watu wakaendelea kunywa.

2. Ushauri wa kuchemsha maji si kinga

Tulipouliza tufanye nini, tuliambiwa tuchemshe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tunawashukuru wahudumu wa afya waliotufunza hilo kwa miaka mingi. Lakini maikrosistini haivunjwi na sufuria inayochemka. Ukichemsha mpaka maji yakapungua, sumu hubaki katika maji machache zaidi. Agosti 2014 katika mji wa Toledo, Ohio, Marekani, wakazi wanaokaribia nusu milioni walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie, na tangazo lenyewe liliwaonya wasichemshe. Hao wana mitambo ya kusafisha maji na maabara. Sisi tuna sufuria, na ushauri tuliopewa ni ule ambao wao walikatazwa.

Na anayedhani sumu hii ni ya kuumiza tumbo tu, akumbuke Caruaru, Brazili, mwaka 1996. Wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yaliyokuwa na maikrosistini, na zaidi ya 50 wakafa. Njia iliyopitia sumu hiyo haikuwa kinywa bali mishipa, najua. Lakini naitaja ili tuelewe ni kitu gani tunacholea katika mabwawa yetu.

3. Shaba haiondoki

Mrututu ni chumvi ya shaba. Shaba haiozi wala haivukizwi na jua. Huzama katika matope ya bwawa, na kila gunia jipya huongezea juu ya la zamani. Katika maji yasiyo na chokaa nyingi, kama mengi ya huku, huwadhuru samaki na wadudu wa majini upesi zaidi. Wadudu hao ndio wanaokula mwani. Tukiwaua, mwani wa msimu unaofuata hukuta uwanja mtupu.

4. Kuna njia nyingine, na sehemu yake kubwa inachomwa moto karibu nasi kila msimu

Naomba mlisome hili kwa utulivu, kwa sababu ndilo lililofanya baadhi ya maafisa wenu watabasamu.

Miaka ya 1980 huko Uingereza ilionekana kwamba mabua ya shayiri yakiozea ndani ya maji, mwani hupungua. Wataalamu wa mimea ya majini walilifanyia kazi jambo hilo kwa miaka. Miaka ya 1990 mabua yalijaribiwa katika bwawa la maji ya Derbyshire na katika bwawa la maji ya kunywa huko Scotland, na matokeo yakachapishwa katika majarida ya kisayansi. Microcystis ni miongoni mwa waliodhurika kirahisi zaidi.

Kazi hiyo haifanywi na bua lenyewe. Hufanywa na kuoza kwake. Kuvu hula lignini, ile sehemu ngumu inayolisimamisha bua, na katika kuivunja hutoka kemikali za jamii ya fenoli. Hizo huzuia chembe za mwani kukua. Maelezo mengine ni kwamba mwanga wa jua ukipiga masalia ya lignini ndani ya maji yenye oksijeni, hutokea haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kiasi kinachowaumiza bakteria hawa kuliko viumbe wengine. Maelezo yote mawili yanataka jambo moja: hewa. Mabua yaliyobanwa kama robota na kutumbukizwa hadi chini huoza bila oksijeni, yakatoa uvundo na yasisaidie kitu. Lazima yalegezwe, yatiwe katika mifuko ya wavu, yafungiwe maboya, yaelee karibu na uso wa maji.

Sasa, hapa Kano hatuna shayiri. Tuna mpunga. Kila baada ya mavuno, ukipita barabara ya Ahero jioni, moshi unaouona ni wa mabua. Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kwamba maji yaliyolowekwa mabua ya mpunga huzuia Microcystis kukua, na kwamba fenoli zilizomo hufanya kazi kwa nguvu zaidi zikiwa pamoja kuliko moja moja. Na si mpunga pekee. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mmea wa majini uitwao Myriophyllum spicatum hutoa ndani ya maji asidi ya galiki na jamaa zake, na kwamba kemikali hizo humzuia Microcystis yule yule. Mimea imekuwa ikigombania mwanga na mwani tangu zamani, na ina silaha zake.

Kipimo kilichopendekezwa na Waingereza kwa bwawa lililoathirika sana ni gramu 50 za mabua kwa kila mita ya mraba ya uso wa maji. Kwa hekta moja, hiyo ni nusu tani. Kwa marobota ya kilo 15, ni marobota 34. Trekta moja hubeba yote kwa safari moja. Maji yenye joto la nyuzi zaidi ya 20, kama yetu, mabua huanza kufanya kazi ndani ya wiki moja au mbili. Katika maji ya baridi ya Ulaya hungoja hadi wiki nane. Hasara ya joto ni kwamba yataoza upesi pia, kwa hiyo itabidi yabadilishwe mapema, na yatolewe kabla hayajarudisha mbolea yake majini. Yakitolewa yanafaa kwa mboji.

Mipaka ya njia hii naiandika wazi, nisije nikaambiwa baadaye kwamba niliificha. Mabua hayaui mwani uliokwisha kutanda, huzuia unaotaka kukua. Kwa hiyo yatiwe kabla, mvua za vuli zikiisha, kabla ya ukavu wa Januari na Februari. Yakizidishwa sana, huvuta oksijeni na kuua samaki. Si kila jaribio duniani limefaulu, na si kila aina ya mwani inayatii. Hayaondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka. Na mabua ya shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu juzi yasitiwe kabisa. Ndiyo sababu tunaomba majaribio yenye vipimo. Hatuombi amri ya kujaza mabua katika kila bwawa la kaunti.

5. Hakuna anayepima, na hakuna anayetangaza

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita ya maji ya kunywa kwa matumizi ya maisha yote, na maikrogramu 12 kwa muda mfupi wa dharura. Tumeuliza bwawa letu lina ngapi. Hatujawahi kupewa namba, si kubwa wala ndogo. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Siku hizo zilishapita.

Waheshimiwa, tumekaa na kuyafikiria majibu ambayo huenda mkatupa, maana mengine tumeshayasikia kwenye korido.

Mtasema hii ni dawa ya kienyeji isiyo na ushahidi. Ushahidi upo, umechapishwa, na una mapungufu niliyoyataja hapo juu. Mrututu nao una ushahidi, ukiwemo wa Palm Island. Tunachoomba ni njia zote mbili zipimwe kwa mizani moja.

Mwingine atakuja na sauti ya upande wa pili, kwamba kitu cha asili hakina madhara, na kwamba yuko mfanyabiashara mwenye majimaji ya mimea kwenye madumu ambaye anaweza kutia kesho. Tunamkataa huyo kwa nguvu ile ile tunayoukataa mrututu. Mvuvi yeyote wa ziwa hili anaujua utupa: majani yake yakitwangwa na kutiwa kwenye kijito, samaki wote huelea, wakubwa kwa wadogo, na kuvua kwa njia hiyo ni kosa la jinai. Utupa ni mmea, umeota kwenye ua wa mtu, na ni sumu. Kwa hiyo yeyote anayeleta kemikali ya mmea, iwe fenoli, iwe tanini, iwe mafuta ya mwarobaini, aonyeshe kwanza inawafanya nini samaki, viluwiluwi, ng'ombe na mtoto anayeinywa. Na hata mlonge, ambao akina mama wa Sudan wametwanga mbegu zake tangu enzi kusafisha maji ya mto Nile, tunautaja kwa tahadhari. Protini ya mbegu hizo hukusanya uchafu na chembe zikazama, jambo zuri kwa maji yenye tope. Lakini sumu iliyoyeyuka haizami nayo, na maji hayo yakikaa zaidi ya siku moja huanza kuharibika.

Mtasema ziwa ni kubwa, mabua hayawezi kulisafisha. Kweli kabisa, na hatujaomba hivyo. Winam haiwezi kutibiwa kwa marobota. Ghuba hiyo ina kina kifupi, hupumua na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga, na kila mvua kubwa ikinyesha, mto Nyando hushusha udongo, mbolea na mavi ya mifugo kutoka mabondeni, huku mito inayopita mjini ikileta maji machafu ya vyoo. Fosforasi hiyo ndiyo chakula cha mwani. Bila kuizuia kule inakotoka, kwa mitambo ya majitaka inayofanya kazi, kwa vyoo, kwa kingo za mito zilizoachiwa miti, mwani utarudi kila mwaka hata mkatia nini. Mabua ni ya mabwawa, ya visima vya mifugo, ya vidimbwi vya kufugia samaki aina ya ngege. Anayewaambia ni zaidi ya hapo anawadanganya, na anayewaambia kwamba kwa kuwa hayaponyi ziwa basi hayafai hata kwa bwawa, naye anawadanganya.

Mtasema hakuna fungu la bajeti. Mrututu ulinunuliwa kwa fungu gani? Mabua tutayakusanya sisi, kutoka kwa wakulima ambao sasa wanayachoma. Mifuko ya wavu akina mama wa kikundi chetu wameshakubali kuishona kutokana na nyavu chakavu. Mtumbwi tunao, na vijana wa kazi tunao. Kinachotushinda ni maabara, maana sumu haipimwi kwa macho wala kwa ulimi.

Na mtasema tusubiri mradi wa bomba. Tunausubiri, na siku utakapofika tutaushangilia. Lakini bomba nalo litavuta maji kutoka ziwa lile lile, na mtambo wake utahitaji watu wanaojua mwani ni nini na sumu yake hupimwaje. Mkianza kujifunza kwenye bwawa letu dogo, hamtakuwa mmepoteza kitu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba yafuatayo, na tunaomba kila moja lijibiwe kwa maandishi:

a) Mrututu usitiwe tena katika bwawa letu, wala bwawa lolote ambalo watu hunywa, wakati mwani umekwisha kutanda. Ikitokea dharura inayolazimu, watu watangaziwe kabla, wapelekewe maji mengine, na bwawa lifungwe mpaka vipimo vionyeshe kwamba sumu imekwisha.

b) Maji ya bwawa yapimwe maikrosistini na shaba sasa, na tena kila mwezi wakati wa kiangazi. Matokeo yabandikwe ofisini kwa chifu, kwenye zahanati na shuleni, kwa Kiswahili na Dholuo, namba na maana yake.

c) Majaribio ya mabua ya mpunga yafanyike kwa msimu mzima. Liwepo bwawa moja lenye mabua na jingine linalofanana nalo lisilo na kitu, ili kulinganisha. Kipimwe kiasi cha mwani, sumu, oksijeni ya alfajiri na hali ya samaki. Chuo kikuu au taasisi ya utafiti isimamie, si muuzaji wa chochote. Matokeo yatangazwe hata kama mabua yatashindwa.

d) Wahudumu wa afya wa vijijini wapewe maelekezo mapya: maji yenye utando wa kijani hayafanywi salama kwa kuchemsha. Watu wasiyanywe, wasiyaogee, na wasiwanyweshe mifugo. Mpaka bwawa litakapokuwa salama, gari la maji lifike kijijini angalau wakati utando umetanda.

e) Kingo za bwawa ziwekewe uzio na birika la kunyweshea mifugo lijengwe nje yake. Ng'ombe wanaoingia majini huacha mavi humo humo, na mavi hayo ndiyo mbolea ya mwani. Hili halihitaji utafiti wowote. Nguzo tutachimbia wenyewe.

f) Atajwe afisa mmoja, kwa cheo chake, ambaye tunaweza kumwendea na ambaye atawajibika kutujibu.

Nakala za barua zetu zote za awali, zenye mihuri yenu, ziko kwa mwenyekiti wa kamati, na yeyote anayetaka kuziona anakaribishwa. Tumeziandaa pia kwa ajili ya Tume ya Haki ya Utawala, ambayo sheria ya 2016 imeipa kazi ya kusikiliza wanaonyimwa habari. Tutaziwasilisha huko iwapo siku nyingine 21 zitapita tangu leo bila jibu.

Baraza lijalo la kijiji litajadili barua hii. Tunawaalika rasmi mje, au mumtume mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Aje asubuhi kabla upepo haujaanza, tumpeleke bwawani kwanza. Chupa za kioo za kuchotea sampuli tutakuwa nazo, lakini kama mnaweza, mje na sanduku lenye barafu, maana sampuli ya sumu isipohifadhiwa baridi haitafika maabara ikiwa na maana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya kamati ya maji ya kijiji,
uwanda wa Kano